Malipo ya M-Pesa yanaingia mara mbili kwenye akaunti: je, nihamie XA?

Swali: Ninatunza mfumo wa Sacco moja hapa Upper Hill, Nairobi. Wanachama hulipa kwa paybill. Taarifa ya malipo hupokelewa na huduma ya REST (inayopokea maombi ya wavuti) kwenye WildFly (seva ya programu za Java), ikawekwa kwenye foleni ya ujumbe ya JMS, kisha MDB (kijenzi kinachosoma foleni hiyo) huiandika kwenye hifadhidata ya PostgreSQL na kuita mfumo mkuu wa Sacco kwa SOAP (maombi ya XML kupitia mtandao) ili akaunti ya mwanachama iongezwe. Seva ni mbili. Siku za kawaida hakuna tabu. Mwisho wa mwezi baadhi ya malipo yanaingia mara mbili, mengine hayaonekani hadi mwanachama apige simu. Logi imejaa makosa IJ000453 na IJ000655, ya kukosa muunganisho wa hifadhidata. Nilipandisha max-pool-size (ukomo wa miunganisho ya hifadhidata) kutoka 20 hadi 100 kwa kila seva, na sasa PostgreSQL inasema "sorry, too many clients already". Je, nihamie XA, yaani muamala mmoja unaofunga foleni na hifadhidata pamoja, vyote vikubali au vyote virudi nyuma?

Jibu: Usihamie XA. Haitakuponya, kwa sababu mwito wa SOAP hauko ndani ya muamala hata kidogo. JTA, msimamizi wa miamala wa Java, inasimamia foleni na hifadhidata. Mfumo mkuu uko nje, na kilichofanyika huko hakirudi nyuma.

Tazama yanayotokea. MDB inachukua ujumbe, inaandika rekodi, inaita mfumo mkuu. Mfumo mkuu unaongeza akaunti, lakini jibu linachelewa au muunganisho unakatika. MDB inapata hitilafu, muamala unarudishwa nyuma, rekodi yako inafutika na ujumbe unarudi kwenye foleni. Unaletwa tena, mfumo mkuu unaombwa upya, na hauna namna ya kujua kwamba ni malipo yale yale. Hapo ndipo mwanachama anapoongezewa mara mbili.

Malipo yanayopotea yanatoka kwenye chanzo hicho hicho. Usipobadilisha mpangilio, Artemis, mfumo wa foleni ulio ndani ya WildFly, hujaribu kuleta ujumbe mara 10 bila kusubiri kati ya jaribio moja na jingine. Mfumo mkuu ukilemewa kwa dakika moja tu, majaribio yote 10 yanaweza kuisha ndani ya sekunde chache, na ujumbe unahamishiwa DLQ, foleni ya jumbe zilizoshindikana. Huko unakaa kimya. Fungua DLQ leo uhesabu. Sitashangaa ukiyakuta malipo mengi unayotafuta.

Sasa hizo IJ000655. Maana yake ni kwamba programu ilisubiri muunganisho wa hifadhidata kwa milisekunde 30000 ikakosa. Kabla ya kuongeza idadi, uliza nani ameishika. Mwisho wa mwezi, wakati tatizo linaendelea, endesha hii kwenye PostgreSQL:

`SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity GROUP BY state;`

Ukiona nyingi ziko "idle in transaction", umempata mhusika: miunganisho imefunguliwa, imeandika rekodi, na sasa imekaa bure ikingoja jibu la SOAP. Kupandisha hadi 100 kulihamisha tu msongamano. PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengewa msimamizi. Seva mbili zikidai 100 kila moja, hesabu haiwezi kukubali. Rudisha iwe 30 kwa kila seva. MDB moja kwenye WildFly hutumia hadi vipindi 15 kwa wakati mmoja, kwa hiyo 30 inaitosha pamoja na maombi ya REST, na zinabaki 37 kwa ripoti na nakala za akiba.

Matengenezo yenyewe yaanze kwenye hifadhidata, si kwenye WildFly. Kila taarifa ya paybill inakuja na TransID, yaani namba ya risiti ya M-Pesa. Ifanye iwe ufunguo mkuu wa jedwali la malipo, kisha MDB iandike hivi:

`INSERT INTO malipo ... ON CONFLICT DO NOTHING`

Kwanza tafuta TransID zilizojirudia uzisafishe, la sivyo PostgreSQL itakataa kuweka ufunguo huo. Usitumie namba ya simu pamoja na kiasi kama kitambulisho. Mtu anaweza kulipa shilingi 500 mara mbili asubuhi moja, na yote mawili ni halali.

Baada ya hapo, itoe SOAP nje ya MDB. MDB iandike rekodi yenye hali IMEPOKELEWA na kumaliza muamala, basi. Kazi nyingine, kwa mfano EJB ya ratiba (kijenzi cha Java kinachojiendesha kwa saa) inayoamka kila sekunde 5, ichukue rekodi chache kwa `FOR UPDATE SKIP LOCKED` ili seva mbili zisigombanie moja, izibadilishe kuwa INATUMWA pamoja na saa, na ikamilishe muamala huo mfupi. Ndipo iite mfumo mkuu, ikiwa haijashika muunganisho wowote wa hifadhidata. Jibu likija, muamala mwingine mfupi unaandika IMEKAMILIKA. Angalia kwamba hatua hizi tatu ziko kwenye miamala tofauti kweli. EJB ya ratiba ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida itazifunga zote kwenye muamala mmoja na utarudi ulikotoka. Weka REQUIRES_NEW (anza muamala mpya) kwenye mbinu (method) mbili zinazogusa hifadhidata, ziwe kwenye EJB nyingine, na NOT_SUPPORTED (bila muamala) kwenye ile inayoziita.

Rekodi iliyokwama kwenye INATUMWA kwa zaidi ya dakika 10 ndiyo hatari kuliko zote. Usiitume tena kwa kubahatisha. Uliza mfumo mkuu kama una TransID hiyo, na kwa sababu hiyo ni lazima TransID iende kama kumbukumbu katika kila ombi la SOAP. Kama mfumo mkuu hauna njia ya kuulizwa hivyo, mtengenezaji wake aiongeze. Sioni njia salama ya kuikwepa kazi hiyo. Pia mpe mteja wa SOAP ukomo wa kusubiri, tuseme sekunde 5 za kuunganisha na 30 za jibu. HttpURLConnection ya Java isipoambiwa husubiri bila mwisho.

Kwenye foleni, weka address-setting (mpangilio wa foleni) ya jms.queue.MalipoQ yenye redelivery-delay 5000, redelivery-multiplier 2.0, max-redelivery-delay 300000 na max-delivery-attempts 20. Majaribio yataanza baada ya sekunde 5, yaongezeke mara mbili hadi kufikia dakika 5, na kwa jumla yatadumu kama dakika 70. Andika dead-letter-address (anwani ya kupeleka ujumbe ulioshindikana) humo humo, usitegemee irithiwe kutoka kwenye mpangilio wa jumla: foleni isiyo na anwani hiyo hutupa ujumbe majaribio yakiisha, na pesa ya mtu haifai kutupwa.

Tofautisha pia aina za makosa. Mwanachama akikosea namba ya akaunti kwenye BillRefNumber, kurudia mara 20 hakutairekebisha. Rekodi hiyo ipelekwe kwenye akaunti ya kusubiri ili karani aishughulikie.

Ukishafanya haya, hata kama seva itazimika kwa umeme kukatika kati ya kuandika na kuthibitisha ujumbe, ujumbe utaletwa tena na ON CONFLICT itaupuuza. Ndiyo maana nasema XA haihitajiki hapa. Ukilazimika kuitumia siku nyingine, kumbuka PostgreSQL huja na max_prepared_transactions ikiwa 0, hivyo kila muamala wa XA utakataliwa hadi uibadilishe na kuiwasha upya. Na kila WildFly iwe na node-identifier (kitambulisho cha seva) yake, kwani zote huja na "1" na zinaweza kuchanganya urejeshaji wa miamala.

Mambo mawili madogo kwa sababu unashughulika na mwisho wa mwezi. Soma TransAmount (kiasi cha malipo) kama BigDecimal, aina ya namba ya Java isiyopoteza senti. Na TransTime (saa ya malipo), iliyoandikwa kwa mtindo wa yyyyMMddHHmmss, isome kwa ZoneId ya Africa/Nairobi. Kontena nyingi hutumia saa za UTC, na malipo ya saa nne usiku tarehe 31 yakisomwa kama UTC kisha kuonyeshwa kwa saa za Nairobi yanahamia tarehe 1 ya mwezi unaofuata.

Zile jumbe zilizo kwenye DLQ usizirudishe kwenye foleni kwa move-messages, na usiziguse hadi ufunguo wa TransID uwe umewekwa na kazi ya kutuma iwe tayari. Baadhi yake mfumo mkuu ulishazilipa bila wewe kupata jibu. Ziingie kwenye jedwali moja kwa moja zikiwa na hali INATUMWA na saa ya zamani, ili ya kwanza kufanyika iwe ni kuuliza mfumo mkuu, si kutuma. Ukimaliza, linganisha TransID zote na taarifa ya paybill ya siku hizo.