Paella na flamenco usiku mmoja, tutapigwa hela?

SWALI: Anti, mwezi ujao mi na mume wangu tunaenda Sevilla, Hispania, tumeona darasa la kupika paella, ule wali wao, halafu mnaangalia flamenco, ngoma yao ya gitaa na makofi, hapohapo. Hatuli nguruwe, pombe hatugusi, je tutafaidi kweli? Na huyu mwenzangu akisikia ngoma tu makofi hayaishi, asije akanitia aibu.

JIBU: Nendeni mdogo wangu, ila ujue paella ni ya Valencia, mji mwingine wa hukohuko, Sevilla wanawapikia tu wageni, ile asilia ina kuku, sungura na maharage mabichi, nguruwe hamna. Angalia salmorejo, ile supu nzito ya nyanya inayoliwa baridi, juu wanamwagia vipande vya jamón na hiyo ndo nguruwe mwenyewe, we waambie mapema wasikuwekee, na sangria ina mvinyo so ombeni juisi. Wali wenyewe ukishatia mchuzi na zafarani usikoroge tena! Mwiko weka pembeni, subiri mpaka usikie unatatarika chini, hapo unajitengeneza socarrat, yaani ukoko kabisa dada, nao wanaugombania kama sisi tu.

Sasa mumeo. Yale makofi, palmas, ni ala kama gitaa, kuna midundo ya kuhesabu 12 na mkazo hauangukii pale unapodhani, akijitia kupiga anamvuruga mchezaji, kwa hiyo mikono ikae mapajani, akipandwa na mzuka apige kelele "¡olé!" inatosha, wanapenda sana hiyo.