Kabla hujanunua relei nyingine, iulize bodi inaona nini

Kuna vijana kadhaa hapa Dodoma wamenunua Arduino Uno, ile bodi ndogo ya umeme unayoiandikia programu kwenye kompyuta, wamewasha kale ka-taa kadogo ka kwenye bodi, kamewaka, halafu wakajaribu kitu kikubwa kidogo wakakwama, na wengi wanaponitafuta nakuta wameshabadilisha waya, sensa, betri na programu siku hiyohiyo. Nawaelewa, maana na mimi nilifanya hivyohivyo na ikanila wiki mbili.

Mjomba wangu ana miche ya zabibu kule Mpunguzi, iko kwenye viriba bado, na kiangazi cha huku unakijua, ukisahau maji kidogo tu majani yanajikunja. Nikamwambia nitamtengenezea kitu cha kumwagilia chenyewe. Vifaa vya kawaida: Uno, sensa ya unyevu, relei (swichi inayowashwa na bodi), kipampu cha volti 12 na betri. Udongo ukikauka relei inawasha pampu sekunde 20 halafu inazima. Nikaijaribu nyumbani Nkuhungu kwenye kikopo cha udongo, ikafanya kazi safi kabisa.

Nikafika Mpunguzi. Mara ya kwanza ikamwagilia vizuri, mara ya pili relei ikaanza ta-ta-ta-ta, inashika inaachia, pampu inashtuka tu maji hayapandi. Mjomba akaangalia weee, akasema, "Mjomba, ngoja mi nimwagie kwa ndoo kwanza, we kitengeneze taratibu."

Nikanunua relei mpya, ileile ta-ta-ta. Nikabadilisha betri, wapi. Nikakaza waya zote upya. Kumbe vyote vilikuwa vizima.

Kilichonitoa ni Serial.println, amri ya kuifanya bodi iandike kitu kwenye skrini ya kompyuta. Nilirudi nyumbani nikaacha kila kitu kama kilivyo, nikaongeza mstari mmoja tu wa kuandika kwenye skrini ule muda ambao programu imehifadhi kila pampu inapowaka. Namba ya kwanza ikaja ya kawaida. Iliyofuata: -32036. Nikaitazama sana ile alama ya kutoa, maana muda tangu bodi iwashwe utakuwaje hasi?

Iko hivi. millis() inahesabu milisekunde tangu umewasha bodi, na mimi nilikuwa nahifadhi kwenye int, kisanduku kidogo cha namba kwenye programu. Kwenye Uno R3 kama yangu int inaishia 32767, yaani sekunde 32 na kitu, ikipita hapo inageuka hasi, na ukija kupiga hesabu ya muda uliopita bodi inaona zimeshapita sekunde 65, kwa hiyo inazima pampu palepale, udongo bado mkavu, inawasha tena, inazima tena. Mezani sikuiona kwa sababu kila nikipakia programu nilikuwa najaribu ndani ya nusu dakika ya kwanza basi. Nikabadilisha int kuwa unsigned long, kisanduku kikubwa zaidi kisicho na hasi, ikatulia. Badiliko moja tu, wakati hela ya relei ishaondoka.

Na angalia hapa, programu hiyohiyo ukiiweka kwenye ESP32, bodi ya aina nyingine, itakwenda vizuri siku na siku, maana kule int ni kubwa zaidi, ndo maana rafiki yako anaweza kukwambia kwangu inafanya kazi na wote mkawa wakweli.

Kwa hiyo ukikwama, ifanye bodi iongee kwanza. Andika kwenye skrini sensa inasoma ngapi, muda ni ngapi, programu imefika wapi, halafu badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari umeona nini. Daftari la karatasi kabisa, mi langu lina madoa ya udongo wa Mpunguzi. Ukibadilisha viwili kwa mpigo hata ikipona hujui imeponywa na nini na kesho itakurudia.

Mengine haraka: kompyuta isipoiona bodi jaribu kebo nyingine ya USB, zipo za kuchajia tu hazipitishi data. Pampu au mota usiichomeke moja kwa moja kwenye pini, pini ya Uno R3 mwisho wake ni miliampia 40 na ni vizuri ubaki kwenye 20. Pini za ESP32 ni za volti 3.3, usizipe 5. Na nunua mita ya kupimia umeme mapema, hata ya bei ndogo, kabla ya sensa ya pili.

Siku hizi kabla sijapeleka kitu shambani nakiacha kimewaka usiku kucha mezani, laptopu inarekodi, asubuhi nasoma namba zote kuanzia juu nikiwa na chai.