Gia zikigoma kuingia, usikimbilie kushusha giaboksi

Nina Hilux LN106, ile ya injini ya dizeli iitwayo 3L, nabebea kabichi na nyanya kutoka Lushoto kushuka Mombo na kurudi na mbolea, na anayeijua ile barabara anajua klachi inavyoteseka pale, kona juu ya kona, namba moja namba mbili mwanzo mwisho. Sasa kuna asubuhi nimewasha gari nakanyaga klachi, pedali ikazama laini kama haijaunganishwa na kitu, rivasi inakwaruza tu haiingii. Nikaita fundi, hakufungua hata boneti, akasema klachi imeisha hiyo tushushe giaboksi, nami nikakubali kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa unasubiri. Tukanunua pleti (sahani ya klachi inayoshikana na injini), presha pleti (inayoibana) na rilizi beringi (inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali), siku mbili gari iko juu ya magogo, imefungwa, nakanyaga, vilevile! Kumbe ni masta ya klachi, ile pampu ndogo ya pedali inayosukuma fluidi (mafuta maalumu) mpaka silinda ya chini kwenye giaboksi, raba zake za ndani zimelika. Na ile pleti tuliyotoa ilikuwa bado nene kabisa, iliniuma sana.

Ndo maana nasema kwanza tofautisha klachi inayoteleza na klachi isiyokata, yaani isiyoitenga injini na giaboksi ukikanyaga. Inayoteleza, unakanyaga mafuta injini inapiga kelele lakini spidi haipandi, hasa mlimani na mzigo ukiwa gia kubwa, na harufu ya kuungua unaisikia. Kuipima, simamisha gari tambarare, hendibreki juu, matairi yazuie kwa mawe, weka namba tatu uachie klachi taratibu, injini inatakiwa izime palepale, ikiendelea kuzunguka basi pleti imeisha au imelowa oili. Pima mara moja tu, ukirudiarudia unaichoma.

Isiyokata ndo inayowaponza watu wengi. Pampu pedali mara tatu nne harakaharaka, gia ikiingia hapo usiguse giaboksi, shida iko kwenye fluidi, ama kuna hewa ama raba zimechoka. Angalia kikopo chake, fluidi ya klachi haiishi kama dizeli, ikipungua ujue inavuja. Pitisha mkono kule juu ya pedali fimbo inapoingilia masta, ukikuta unyevu umeshajua, kisha lala chini ufunue raba ya vumbi ya silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi, ikichuruzika ni hiyo. Ila masta inaweza kufa bila kuvuja tone nje, yangu ndo ilikuwa hivyo, fluidi inarudi ndani kwa ndani. Mwambie mtu akanyage pedali aishikilie, wewe uko chini unatazama fimbo ya silinda inavyosukuma uma wa klachi, ule mkono unaosukuma rilizi beringi, ikisogea kidogo tu au ikianza kurudi yenyewe wakati mguu bado umekanyaga, ni fluidi. Ikisukuma vizuri na gia bado inagoma, hapo sasa shusha giaboksi.

Na tafadhali usimwagie oili ya injini kwenye kile kikopo eti umekwama njiani, inavimbisha raba zote, tafuta fluidi ya breki na klachi ya DOT 3 halafu utoe hewa.

Kelele nayo inasema, ikilia ukikanyaga pedali ni rilizi beringi, ikilia ukiwa umeachia na kunyamaza ukikanyaga, sikilizia beringi za giaboksi.

Ukishaishusha kweli usifunge pleti mpya kabla hujakagua sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili ya injini, ikivuja italowesha pleti mpya na utarudi kulekule. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti inabanwa nalo, ikiwa na michirizi au madoa ya bluu ya joto peleka kwa wachonga vyuma waisawazishe, na presha pleti kaza bolti kwa kupishana kidogokidogo.

Klachi ikifia njiani usiku huna fundi, zima gari, hakikisha mbele kweupe, weka namba moja au mbili kama ni mteremko, piga stata ikiwa ndani ya gia hivyohivyo itaondoka yenyewe, ila kusimama ni mpaka uzime. Mimi nilishatoka Soni mpaka Mombo namba mbili tupu bila kubadili, polepole, hazadi zinawaka, asubuhi nikanunua raba za silinda ya chini nikazifunga mwenyewe palepale nje ya duka.