Unampimaje dogo wa hoki kabla ya drafti? Achana na pointi kwanza

Kila ikikaribia mwezi wa sita, wakati wa drafti, pale timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, zinapochagua vijana mmoja mmoja kwa zamu, meseji zinaanza kumiminika, watu wa hapa Ontario, wengine wako Minnesota, wengine Ohio, na swali ni lilelile: kaka kuna dogo namfuatilia, msimu huu ana pointi 80 na kitu (magoli na asisti ukijumlisha), raundi ya kwanza hiyo si ndio? Wengine ni wazazi kabisa, Waswahili wenzetu ambao watoto wao wamekulia kwenye barafu na sasa wako ligi za vijana. Mimi huwa nawajibu hivi, pointi peke yake haziniambii kitu, niambie amezaliwa lini, hizo pointi kazipataje, na akibanwa akakosa nafasi na muda anafanyaje. Hapo ndio tunaweza kuongea.

Naishi Kitchener, mechi za OHL, ligi ya vijana ya hapa Ontario, naangalia pale Aud, uwanja wetu, miaka mingi sasa, nikipata nafasi naenda London ya hapahapa Ontario, Guelph, mpaka Erie kule upande wa Marekani, na kuna kipindi nilikuwa naandikia ripoti kikundi kimoja kidogo cha maskauti, wale wasaka vipaji. Kwahiyo haya ni mambo ninayoyafanya mwenyewe nikiwa jukwaani na daftari, na naamini yanasaidia.

Tuanze na umri maana watu wanaupita haraka sana. Drafti ya NHL ina raundi 7 na timu ni 32, yaani ni vijana kama 224 tu dunia nzima kwa mwaka, na ili uingie lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka huo. Hiyo tarehe ishikeni. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, siku mbili tu zikamfanya drafti ya 2015 impite, akaenda kucheza na wanaume Uswisi kule Zurich, afu 2016 akachaguliwa namba 1. Sasa kwenye kundi moja la drafti unaweza kuwa na mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa Septemba na mwingine mwanzoni mwa Septemba ya mwaka unaofuata, wote wanaitwa wa mwaka huu ila mmoja kamzidi mwenzake karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 17 mwaka mzima ni sentimita, ni kilo, ni msimu wa ziada wa kujifunza.

Angalieni 2020. Alexis Lafrenière wa Rimouski, kazaliwa Oktoba 2001, alikuwa na pointi 112 katika mechi 52. Quinton Byfield wa Sudbury, kazaliwa Agosti 2002, pointi 82 katika mechi 45. Ukisoma kwenye karatasi unasema huyu wa kwanza yuko mbali, lakini kuna miezi 10 katikati yao hapo, na Lafrenière tayari alikuwa na misimu miwili kamili nyuma yake wakati Byfield alikuwa na mmoja. New York Rangers wakamchukua Lafrenière namba 1, Los Angeles Kings wakamchukua Byfield namba 2. Na 2025 tumemuona Matthew Schaefer wa Erie, kazaliwa tarehe 5 Septemba 2007, siku kumi tu zimebaki ahamie kundi la mwaka unaofuata, tena alivunjika mtulinga akacheza mechi 17 tu za ligi, na bado New York Islanders wakamchukua namba 1. Kwahiyo mimi kabla sijafungua daftari naandika kwanza tarehe ya kuzaliwa juu ya ukurasa.

Na hapohapo kwa Byfield niseme jambo linaloniuma kidogo. Mpaka mwaka ule hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kuchaguliwa juu zaidi yake kwenye drafti ya NHL, na kwa miaka yote niliyokaa na watu wa kazi hii nimesikia sana mtoto mweusi akisifiwa mwili, nguvu, mbio, afu mwenzake mzungu mwenye mchezo uleule anasifiwa akili. Ukiandika ripoti rudi uisome, ukiona umeandika "ana mwili mzuri" mara tatu na hujaandika chochote kuhusu anachokiona uwanjani, basi rudi ukamuangalie tena.

Sasa pointi. Sisemi hazina maana, zina maana sana ila uzichambue. Goli ngapi na asisti ngapi, na asisti zenyewe ni pasi ya mwisho au ile ya kabla yake, maana hoki inatoa asisti mbili kwa goli moja, na kuna dogo anakusanya asisti nyingi za pili kwa sababu tu yuko kwenye timu inayofunga. Ngapi zimekuja wakati wapinzani wako pungufu, mmoja wao yuko nje kwa adhabu? Pale nafasi ni kubwa, kila mtu anaonekana fundi. Mimi napenda kujua zaidi za wachezaji watano kwa watano. Na swali kubwa kuliko yote, anacheza na nani?

Alex DeBrincat ndio mfano ninaoupenda kwa hili. Msimu wa 2014-15 alifunga magoli 51 pale Erie, watu wakasema ah, timu moja na Connor McDavid, nyota mkubwa wa vijana wakati ule, hata wewe utafunga. McDavid akaondoka kwenda Edmonton, msimu uliofuata dogo akafunga 51 tena. Ilikuwa jibu tosha jamani! Lakini kwa kuwa ni mfupi timu zikampita na kumpita, mpaka namba 39 ndio Chicago wakamchukua, 2016, na msimu wa 2018-19 akafunga magoli 41 NHL kwenyewe. Yaani habari yote ilikuwa mezani, mtu alitakiwa tu aulize bila McDavid inakuwaje na asubiri jibu.

Haya, tufike jukwaani, na hapa ndipo kazi ilipo. Kaa juu, kwenye kona au nyuma ya goli ukiweza, sio katikati chini karibu na kioo, pale chini utaona mbio na kelele tu. Afu chagua mtoto mmoja, mmoja tu, na usifuate paki, kile kisahani cheusi wanachogombania. Paki ile inavuta macho ya kila mtu, wewe ikatae. Mfuate yeye zamu nzima tangu anaruka ukuta kuingia mpaka anarudi benchi, zamu zenyewe ni fupi, dakika haiishi, kwahiyo inawezekana kabisa.

Kitu cha kwanza naangalia ni kichwa. Kabla paki haijamfikia, amegeuka kuangalia nyuma ya bega lake au hajageuka? Mtoto anayegeuza kichwa mara mbili kabla ya kupokea tayari anajua atapeleka wapi, paki inakaa kwake kidogo tu inaondoka. Asiyegeuka anapokea kwanza ndio anaanza kutafuta, na OHL hiyo nusu sekunde anapewa kwa sababu anayemkaba na yeye ana miaka 17, NHL hapewi, atagongwa mpaka kwenye ubao na paki imeshachukuliwa. Kwa mabeki hili ni muhimu zaidi, beki akikimbilia paki kwenye kona yake mwenyewe huku kuna mtu anamfuata mgongoni, hiyo ndio picha ninayoitaka kuliko picha yoyote. Alitizama nyuma? Alimdanganya anayemfuata kwa bega? Alitoa pasi kwa mwenzake au alirusha tu paki mbele potelea mbali? Nikiona hizo mara nyingi za kutosha nakuwa na picha nzuri kuliko magoli yake yote.

Kitu cha pili najiuliza kila anapofanya jambo zuri: hii itafanya kazi akikutana na wanaume? Kuna dogo mkubwa wa mwili anafunga kwa kuwapita watoto wenzake kwa bega, anawasukuma tu anapita, akifika juu wote ni wakubwa kama yeye au zaidi, sasa anabaki na nini? Kuna mwingine anapiga chenga watu watatu jukwaa linalipuka, ni kama yule fundi wa mchangani anayewapita mtaa mzima afu akipelekwa Ligi Kuu beki anamsubiri tu hamfuati. Hizo nazipenda kuziangalia kama mshabiki, kwenye ripoti naandika kwa tahadhari. Lakini mtoto anayetoa pasi kwenye nafasi ambayo mwenzake bado hajafika, anayeiba paki kwa stiki bila kufanya faulo, anayefika mbele ya goli kabla ya shuti na sio baada yake, hayo yanapanda naye ngazi.

Mark Stone alichaguliwa namba 178 mwaka 2010, raundi ya 6, kwa sababu kwenye kuteleza hakuwa na kasi, na ni kweli hakuwa nayo. Ila akili yake na stiki yake ya kunyang'anya paki vilikuwa vya ajabu, na 2023 akawa nahodha wa Vegas anayenyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, tena mechi ya mwisho kafunga matatu peke yake.

Kuhusu kuteleza kwenyewe, msiseme tu "anateleza vibaya" mkafunga daftari. Vibaya wapi? Kama hatua tatu za kwanza ni nzito kwa sababu miguu bado haina nguvu au anasimama wima sana, hiyo inafundishika. Brayden Point alipita mpaka namba 79 mwaka 2014, mdogo wa mwili na kasi ilitiliwa shaka, akafanya kazi na Barb Underhill, yule bingwa wa dunia wa kuteleza kwa mitindo wa 1984 aliyekuja kuwa kocha wa wachezaji wa hoki, na leo Point ni miongoni mwa wanaoogopwa kwa kasi, ana makombe mawili na Tampa. Mimi kinachonitia wasiwasi ni mtoto ambaye hawezi kugeuka na paki upande mmoja, au ambaye kila akiongeza kasi mikono inasimama, kwa miaka yangu ya kuangalia naona hicho ni kigumu zaidi kurekebisha.

Vipimo vya mwili vile vya kabla ya drafti, baiskeli, kuruka, kujivuta kwenye bomba, sitapoteza muda wenu. Sam Bennett mwaka 2014 hakuweza kujivuta hata mara moja, magazeti yakamsema nchi nzima, Calgary wakamchukua namba 4 hivyohivyo, na 2025 kabeba tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano akiwa na Florida. Alikuwa mtoto wa miaka 17 jamani, mwili bado unajengwa.

Ligi anayocheza pia muipime. Kijana wa Sweden anayepewa dakika sita na timu ya wanaume ya SHL, ligi kuu ya kwao, atakuwa na pointi mbili tatu na huwezi kumlinganisha na mwenye pointi 90 hapa kwetu, nenda ukamtafute kwenye mechi za vijana wa chini ya miaka 20 umuone akiwa na paki. Na upande wa pili, ligi ndogo isikufanye umdharau mtu, Cale Makar alikuwa Brooks kule Alberta, ligi ambayo wengi hawaiweki hata na OHL, Colorado wakamchukua namba 4 mwaka 2017 na akaja kuwa miongoni mwa mabeki bora wa NHL. Kwenye ligi ndogo natafuta kitu kimoja, je anaitawala kila siku au anang'aa siku moja moja?

Na nendeni Jumapili! Timu za OHL zinacheza mechi 68, wikiendi nyingine ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo na basi katikati. Ijumaa kila mtu anakimbia. Jumapili mchana kipindi cha tatu timu imefungwa 4 kwa 1, hapo ndio utaona nani bado anarudi nyuma kukaba na nani anabaki katikati akisubiri apelekewe. Muangalieni pia benchi, akikosea anageukia mwenzake kumlaumu au anasogea akae tayari kwa zamu inayofuata.

Makipa siwezi kuwadanganya, ni wagumu mno na wanachelewa kukomaa, Henrik Lundqvist alitoka namba 205, Connor Hellebuyck namba 130, kwahiyo kipa ukimpenda mpe miaka na usimlinganishe na fowadi wa umri wake.

Jambo moja kwa wanaoandika mitandaoni, hawa ni watoto, wanasoma kila kitu na mama zao wanasoma. Andika "hajageuza kichwa, alipoteza paki mara nne kwenye eneo lake", usiandike "mvivu, hana moyo". La kwanza linamsaidia hata yeye mwenyewe akilisoma, la pili hulijui wewe wala mimi.

Na wazazi wenzangu mnaonitumia video, asanteni kwa kuniamini, ila naomba tuelewane. Msinitumie dakika mbili za magoli yenye muziki. Nitumieni mechi nzima, zamu zote, tarehe ya kuzaliwa iandikwe hapohapo juu, na kama mnayo, nipeni ile mechi mliyofungwa.