Chembe za oksidi ya chuma na dripu ya mama

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza kama chembe za oksidi ya chuma zinazochoma uvimbe zinaweza kuchukua nafasi ya dripu za dawa ya saratani anazopewa mama. Haziwezi kwa sasa, nami nakusihi asikatishe dozi. Chembe hizo, ambazo upana wake ni nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita), hufungwa dawa ya saratani kama doksorubisini na kufikishwa kwenye uvimbe, kisha uga wa sumaku unaobadilika haraka huzitikisa mpaka zitoe joto la nyuzi 41 hadi 46 hivi, joto ambalo huidhoofisha seli ya saratani isiweze kujikarabati, huku likiifungua dawa hapo hapo. Uzuri wake ndio huo: joto na dawa husaidiana. Hata hivyo, tiba ya chembe hizo iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2010, kwa uvimbe wa ubongo, iliambatanishwa na mionzi. Kuziunganisha na dawa kungali zaidi katika maabara na kwa wanyama. Unga wa chuma wa mitaani msiudhanie kuwa ndio chembe hizi; hauhusiani kabisa na jambo hili. Kutoka Kigoma, mpelekeni mama hospitali ya Bugando, Mwanza, akaendelee na matibabu.