Maswali ya Wasomaji: Picha za Watu wa Mtaa Ukutani

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana wa Nkuhungu, Dodoma. Tuna ukuta wa mita 6 kwa 3 unaotazama magharibi, na tunataka kuwachora mama ntilie, fundi baiskeli na bibi mpiga ngoma wa Kigogo. Picha tuliyochora hapo mwanzo ilibanduka upande wa chini, na juu imepauka. Tulikosea wapi?

JIBU: Kilichobandua rangi ni chumvi. Maji ya ardhini Dodoma yana chumvi sehemu nyingi, na msingi usio na kizuizi cha unyevu huyanyonya. Yakikauka kwa jua, chumvi inabaki nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Msiuoshe ukuta kwa maji, maana chumvi itayeyuka na kurudi ndani ya lipu. Kwangueni, sugueni kwa brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu, fagieni, kisha ngojeni wiki moja. Unga mweupe wa chumvi ukirudi, rudieni.

Kabla ya kupaka, bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, mzibe kingo zote kwa selotepu, kikae siku nzima. Mkikuta matone kwa ndani, bado. Lipu mpya ipewe wiki 4, kwa sababu saruji mbichi huunguza rangi, na rangi ya mafuta ndiyo inayoharibika upesi zaidi. Chukueni rangi ya maji ya nje, inayouacha ukuta upumue. Sentimita 40 za chini msiweke sura wala miguu ya mtu. Pakeni utepe wa rangi ya udongo. Mvua za Desemba hadi Aprili hurusha matope hapo, na utepe ni rahisi kurudiwa.

Kwa mita za mraba 18, praima (rangi ya msingi) mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, ni kama lita 2 na robo, na nyeupe mikono miwili lita 4 na nusu, lipu ikiwa laini. Lipu ya mchanga mkali hunywa zaidi, ongezeni theluthi. Pakeni asubuhi, ukuta ukiwa kivulini. Ukuta uliopata moto hukausha rangi kabla haijashika.

Kupauka kunatokana na rangi mlizochagua. Waridi, zambarau na manjano kali za bei ndogo hufa juani. Nyekundu na manjano za udongo, pamoja na kahawia, zina oksidi ya chuma na hudumu. Nyekundu ya michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni ya ukoo huohuo. Hatuoni sababu ya picha za Dodoma kuzikimbia rangi za Dodoma.

SWALI: Tutakuzaje picha bila mashine, na mtu afanane kweli? Msomaji, Manyoni.

JIBU: Kwa miraba. Kwa ukuta wa mita 6 kwa 3, karatasi ya sentimita 60 kwa 30 igawe miraba ya sentimita 5, utapata 72. Ukutani kila mraba uwe sentimita 50, uupe namba ileile. Tumia timazi na pimamaji, usifuate ardhi, kwani ikiinama picha nzima italala. Mistari iwe ya chaki. Mkaa huchafua rangi nyepesi.

Kufanana hakuishii usoni. Fundi baiskeli awe na beseni lake la maji la kutafutia pancha na spana anayoishika kweli. Bibi wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, hubana ngoma mapajani, lakini wachoraji wengi humchora ameketi chini kama yuko jikoni. Mpigeni picha akiwa kazini, kisha mwonyesheni mchoro kabla ya kugusa ukuta. Akisema kanga si yake, badilisheni. Anayeheshimiwa ni yeye.

SWALI: Je, kibali kinahitajika? Na tumalizie kwa vanishi? Msomaji, Chang'ombe.

JIBU: Pateni ridhaa ya maandishi ya mwenye ukuta na ya kila anayechorwa, kisha mwende kwa mtendaji wa mtaa, atawaeleza kama suala linafika halmashauri. Msiandike jina la duka lililotoa rangi: picha ikitangaza biashara inaweza kudaiwa ada ya tangazo.

Vanishi ya mafuta hapana. Hugeuka manjano na kufungia unyevu ndani. Badala yake, wekeni robo lita ya kila rangi kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mwandike juu yake namba ya mraba ilikotumika, na kila mwaka mwezi wa Mei, mvua zikishaisha, mrekebishe palipochubuka.