Vifaranga wanalundikana chini ya taa na kufa: niwape dawa gani?

SWALI: Daktari, ndiyo naanza kufuga kuku. Nilichukua vifaranga 30 wa siku moja, nikawaweka kwenye boksi lenye magazeti chini na taa juu. Leo ni siku ya nne na wameshakufa sita. Waliobaki wanalundikana chini ya taa huku wakilia, na wawili wana kinyesi kilichoganda nyuma. Nimeshauriwa niwawekee antibiotiki kwenye maji. Nitumie ipi?

JIBU: Pole sana kwa hao sita. Usinunue dawa kwanza. Kwa ulivyoeleza, vifaranga wako wanapigwa na baridi, na baridi haitibiwi kwa antibiotiki.

Kifaranga wa siku chache amevaa malaika tu, hajaota manyoya ya kumtunzia joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, zikipimwa pale pale anapolala, usawa wa mgongo wake. Kila wiki unapunguza kama nyuzi 3 hivi, hadi atakapokuwa na manyoya kamili, kwenye wiki ya tano au ya sita. Kipimajoto kinasaidia, ila mimi huwaamini zaidi vifaranga wenyewe. Wakilundikana na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa wameyaachia, joto limezidi. Wakibanana upande mmoja, kuna upepo unapenya upande wa pili. Unachotaka kuona ni wametawanyika, huyu anadonoa, yule kalala kajinyoosha, na sauti zao ni za chini.

Basi leo jioni shusha taa kidogo, subiri nusu saa, uwatazame tena. Ifunge kwa mnyororo au waya imara, usiininginize kwa waya wake wa umeme, maana ikiangukia matandiko makavu utaunguza nyumba. Taa ikae upande mmoja ili anayeona joto limezidi apate pa kukimbilia. Kisha zungushia kipande cha boksi ndani ili pembe zipotee. Wakisikia baridi hujazana kwenye pembe, na wa chini hukosa hewa. Amka hata saa nane usiku uwaangalie, kwa sababu wengi hufa saa hizo mwenye nao akiwa amelala.

Wale wawili washughulikie leo leo. Kinyesi kikiziba njia ya haja, kifaranga hufa. Mshike mmoja kwa upole, weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu hadi uchafu ulainike, kisha futa. Usivute kikiwa kikavu, utachuna ngozi. Na hakikisha unachosafisha ni njia ya haja: kitovu kipo mbele yake, tumboni, na wakati mwingine huwa na kigaga kidogo cheusi. Nimeona wafugaji wapya wakikibandua kigaga hicho wakidhani ni kinyesi. Kiache kidondoke chenyewe. Mkaushe kabisa kabla ya kumrudisha kwa wenzake.

Magazeti yaondoe. Yanateleza, na kifaranga anayeteleza kila saa miguu yake hupanuka, akashindwa kusimama. Tandika maranda ya mbao kama sentimita 5, na yakilowa yatoe.

Maji yawe safi, ndani ya chombo kifupi, ukiweka kokoto ili wasizame. Asiyejua kunywa mchovye ncha ya mdomo mara moja, atajifunza. Chakula kiwe starta ya vifaranga, yenye protini asilimia 18 hadi 20. Chakula cha kuku wanaotaga usiwape hata kwa dharura ya siku chache; kina kalsiamu nyingi inayoharibu figo zao.

Kuhusu antibiotiki, kuna hali moja ambayo ingenifanya nifikirie tofauti: tumbo limevimba, kitovu kimelowa na kinanuka. Hapo ni maambukizi. Wapeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na mzoga wa karibuni ili aupasue na kuona, ndipo dawa ichaguliwe.

Uliza pia ulikowachukua kama walichanjwa Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, siku ya kwanza. Chanjo ya mdondo (Newcastle) na ya Gumboro, magonjwa mengine mawili ya virusi, huanza ndani ya wiki tatu za mwanzo. Ratiba kamili akupe daktari wa eneo lako, na usichelewe, mdondo hauna tiba. Kuanzia wiki ya tatu angalia kinyesi chenye damu. Hiyo mara nyingi ni koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, inayopenda matandiko yenye unyevu, na ina dawa yake.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukiwashika, na watoto pia. Vifaranga hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata wakionekana wazima. Baada ya siku mbili niandikie unieleze wanalalaje.